Kuhesabu miguu iliyovunjika Lamu: shajara ya chumba cha plasta

Mimi ni fundi wa plasta katika hospitali moja kisiwani Lamu. Kazi yangu ni kufunga na kufungua. Shajara hii naiweka kwa ajili ya fundi mwenzangu au mtu wa rekodi wa Malindi, Kipini au kwingineko atakayetaka kufanya hesabu kama hii, ya watu wazima waliovunjika kifundo au wayo. Yaliyokwenda sawa nimeyapitia mbio, yaliyoharibika nimeyaeleza. "Mtu mzima" humu ni wa miaka 18 kwenda juu. "Kifundo" ni pale penye macho ya mguu, ndani na nje. "Wayo" ni kila kitu chini ya hapo, tangu kisigino hadi ncha za vidole.

6 Novemba 2023. Swali, na kibali kilichorudishwa

Jambo lenyewe lilianza na stoo. Kila ninapoagiza bendeji za plasta naulizwa, "Miguu mingapi kwa mwezi?" nami hujibu kwa kukisia. Fomu ya muhtasari ya wizara, ile 705B, haisaidii: majeraha ya barabarani yana mstari wake, mengine mengi yanarundikwa pamoja kama "majeraha mengine". Mfupa haujulikani. Mkwezi aliyeanguka kutoka mnazini akapasua visigino viwili, na mtoto aliyekatwa na kopo, wote wanaweza kuishia mstari mmoja.

Niliandika pendekezo la kurasa 4, nikalipeleka kamati ya maadili, kisha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, kisha idara ya afya ya kaunti. Kamati ilinirudishia. Safu ya kwanza ya jedwali langu ilikuwa "Jina la mgonjwa". Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na kwa kweli jina sikulihitaji kwa lolote. Nikalitoa, nikaweka namba ya mfululizo. Ufunguo wa namba na majina unakaa kwenye daftari jingine, kabatini, chini ya kufuli. Kosa hilo lilinigharimu wiki 5.

Gharama: kuchapisha na nakala sh. 640, kufuli sh. 250.

15 Januari 2024. Vifundo vilivyopotea

Nilianza na rejesta ya zamani kama majaribio. Mwenzangu wa rekodi aliniambia mivunjiko ya mguu inaandikwa kwa namba za orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, na kwamba wayo ni S92. Tukavuta S92 zote. Zilipatikana mifupa ya wayo wa kati, vidole na visigino vichache. Kifundo hata kimoja.

Nilikaa nikishangaa. Vifundo navifunga mimi mwenyewe, kila wiki! Jibu lilikuwa kwenye jina la S92 lenyewe: mvunjiko wa wayo *isipokuwa kifundo*. Kifundo kimewekwa pamoja na muundi, kwenye S82, na humo ndani kimegawanyika tena: jicho la ndani ni S82.5, jicho la nje ni S82.6, na macho yote mawili yakivunjika kwa pamoja unakwenda S82.8. Ukivuta S92 peke yake umekosa vifundo vyote. Ukivuta S82 yote umejizolea miundi iliyokatika katikati, ambayo si habari yako.

Kwa hiyo vuta hizi: S82.5, S82.6, S82.8 na S92 yote. Kisha S82.8 isome kwa macho, mstari kwa mstari, maana humo mmetupwa na vitu vingine.

Bado kulikuwa na kasoro ya pili. Mtu mmoja hurudi mara 3 au 4: siku ya kwanza, siku ya kukazwa upya uvimbe ukishuka, siku ya picha ya pili, siku ya kufunguliwa. Rejesta inamwandika kila mara kama mgeni. Tangu leo ninahesabu mambo matatu katika safu tatu: mtu, tukio na mfupa. Aliyevunja macho yote mawili ya kifundo kimoja ni mtu 1, tukio 1, mifupa 2. Mkwezi wa visigino viwili ni mtu 1, tukio 1, mifupa 2. Marudio yanawekwa alama ya R, wala hayaingii kwenye jumla.

12 Februari 2024. "A"

Safu ya umri kwenye rejesta ya zamani imejaa herufi moja, A, yaani mtu mzima. Huyo A anaweza kuwa kijana wa miaka 19 aliyeteleza na pikipiki kule Hindi, upande wa bara, au bibi wa miaka 78.

Tofauti hiyo ndiyo roho ya kazi hii. Kokote walikohesabu vizuri, mivunjiko ya kifundo ina vilima viwili: wanaume vijana, wanaoumia michezoni na kwenye ajali, na wanawake wenye umri, wanaoumia kwa kuanguka tu kutoka kimo chao wenyewe. Ukiandika A umevisawazisha vilima vyote kwa jembe.

Rejesta ya zamani nimeiacha, haitibiki. Tunahesabu mbele tu, kuanzia Januari hii. Kwa wazee wasiojua mwaka waliozaliwa ninauliza kwa matukio: Uhuru wa 1963 ulikukuta wapi, ulikuwa umeolewa? Mvua za El Niño za 1997 ulikuwa na wajukuu? Hainipi mwaka kamili, ila inanipa muongo, na muongo unanitosha.

4 Machi 2024. "Ndiani" na "darajani"

Hili ndilo kosa nililojifunza kwalo kuliko yote, na karibu lipite.

Safu ya "Aliumia wapi?" alikuwa akiijaza kijana wetu wa rekodi, mtaratibu, mwandiko mzuri, mtu wa bara. Mwisho wa Februari nilijumlisha nikaona ajali za barabarani zimejaa tele kwa wanawake wazee wa mjini. Mji wa kale wa Lamu! Mji ambao watu wanapishana na punda kwa kugeuka ubavu, na mfereji wa maji machafu umepita kando ya ukuta. Gari gani liliwagonga hawa?

Nikaenda kuzisoma karatasi za kwanza, zile tunazoandika maneno ya mgonjwa kama alivyosema. "Ndiani." "Ndiani." "Ndiani, karibu na msikiti." Kwa Kiamu ndia ni njia. Mama kateleza uchochoroni, kakanyaga ukingo wa mfereji, mguu ukajipinda. Kijana kaambiwa kuwa ndiani ni njiani, njiani akaona ni barabarani, na barabarani kwenye fomu kuna kisanduku kimoja tu: ajali ya barabarani.

Karatasi nyingine ilisema "darajani". Alikuwa ameiweka chini ya "nje ya nyumba, miundombinu". Nikamwita.

"Kaka, hili daraja liko wapi?"

"Sijui, mwalimu. Nilidhani lile la kule bandarini."

"Kule ni gati. Hapa kwetu daraja ni ngazi ya nyumbani."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa kuwa fomu niliitunga mimi. Nyumba za mawe za hapa zina ngazi nyembamba, vidato virefu, giza mchana, na mwenye nyumba anashuka na beseni la nguo. Hiyo ni hatari ya ndani kabisa, na ilikuwa inahesabiwa kama ya nje.

Marekebisho: kisanduku cha "barabarani" nimekifuta. Badala yake kuna maswali mawili mafupi. La kwanza: kulikuwa na chombo chenye magurudumu, ndiyo au la. La pili: wapi, na hapa yanaandikwa maneno ya mgonjwa kwa mwandiko, bila kuyatafsiri. Mafungu tunayapanga jioni, sisi wawili, mmoja Mwamu na mmoja wa bara. Nimeongeza pia safu ya "punda", kwa sababu vidole vilivyokanyagwa wakati wa kushusha mawe na mchanga havikuwa na mahali pa kukaa.

Gharama: fomu zote kuchapishwa upya, sh. 900. Karatasi za zamani tumezitumia mgongo.

20 Mei 2024. Shimo

Madaktari waligoma kuanzia katikati ya Machi hadi 8 Mei, na Aprili maafisa kliniki nao wakaingia. Kwenye daftari langu miezi hiyo inaonekana kama Lamu nzima ilikaa kitako isivunjike.

Nilikuwa na vishawishi viwili. Cha kwanza, kuchukua wastani wa Januari na Februari nikauziba nao mwanya. Cha pili, kuifuta miezi hiyo kama haikuwapo. Sikufanya lolote kati ya hayo. Wastani wa kaskazi hauwezi kusimama badala ya mwanzo wa kusi, wakati mvua imeshuka na vichochoro vimeota utelezi. Miezi hiyo imebaki na kivuli cha penseli, na maelezo ya sababu pembeni. Mwaka wa hesabu nimeusogeza. Utaanza upya Juni hii mpaka Mei ijayo.

24 Juni 2024. Nilivyojidanganya kwa Edinburgh

Nilitaka kitu cha kulinganisha nacho. Hesabu mashuhuri ni ya Edinburgh, Uskoti, iliyochapishwa na Court-Brown na Caesar mwaka 2006 kutokana na wagonjwa wa mwaka 2000. Kwa kila watu wazima 100,000 walipata vifundo 101 hivi kwa mwaka, mifupa mirefu ya wayo wa kati 75, na visigino 14 hivi. Kifundo peke yake kilikuwa karibu asilimia 9 ya mivunjiko yote.

Sensa ya 2019 iliipa Kaunti ya Lamu watu 143,920. Nikazidisha, nikapata vifundo 145 kwa mwaka, nikafurahi, nikaandika kwa wino wa rangi. Jioni nikamwonyesha jirani yangu, mwalimu wa hesabu mstaafu. Aliivua miwani.

"Hawa 143,920 ni watu wazima?"

Wamo watoto wa maziwa. Hilo la kwanza. La pili, hata ukiwatoa watoto, watu wazima wa Lamu si wenzao na wale wa Edinburgh, ambako wazee ni wengi kuliko hapa. Kwa hiyo kiwango cha jumla hakilinganishwi kwa jumla. Kila fungu la umri hupimwa peke yake, 18 hadi 29, 30 hadi 39 na kuendelea, kisha viwango hivyo vikapewa uzito wa idadi ya watu iliyo ya namna moja kwa pande zote mbili. Mwalimu alinichorea kwenye bahasha. Bahasha nimeibandika ukutani.

La tatu alilisema mwenyewe pasipo kujua kwamba ndilo zito kuliko yote: "Na wote wanakuja kwenu?"

Edinburgh inasifika kwa sababu watu wazima wa eneo lile wakivunjika hupelekwa hospitali moja. Kwetu, mtu wa Witu anaweza kuteremkia Malindi. Wa Mpeketoni ana hospitali yake. Wa Kizingitini wakati wa kusi hasafiri mpaka bahari itulie, na huenda mguu ukatulia kwanza. Daftari langu halihesabu waliovunjika Lamu. Linahesabu waliofika mezani pangu.

Nimebadili kigawanyo, yaani idadi ya watu ninayogawia hesabu yangu: kwa sasa ninajumlisha wakazi wa kisiwa cha Lamu na Manda tu, na makazi ya mgonjwa yana safu yake. Wa Pate, Faza na bara wanahesabiwa kando, bila kiwango.

5 Agosti 2024. Hatua nne

Kosa la mwezi huu: nilikuwa nikichukua majina kutoka daftari la eksirei peke yake. Ambaye hakupigwa picha hakuwapo. Vidole vidogo vya mguu karibu vyote vilitoweka, maana nani apoteze filamu kwa kidole ambacho kitafungwa na mwenzake kwa plasta ya gundi? Safu mpya: "kidole, bila picha".

Upande wa pili, waliokuwa wameteguka tu walikuwa wanapigwa picha ovyo. Tumeanza kutumia kanuni za Ottawa, zilizotungwa na Stiell na wenzake huko Canada, zikachapishwa 1992. Picha ya kifundo ni kwa mwenye maumivu kwenye macho ya mguu pamoja na moja kati ya haya: mfupa unauma ukibonyezwa nyuma au kwenye ncha ya jicho la nje, katika sentimita 6 za mwisho, au vivyo hivyo la ndani, au hakuweza kwenda hatua 4 pale alipoumia *na* hawezi hatua 4 mbele yako. Kwa wayo wa kati unabonyeza shina la mfupa mrefu wa wayo unaokwenda kwenye kidole cha mwisho, na mfupa wa upande wa ndani mbele ya kifundo. Nimekata ukanda wa karatasi ngumu wa sentimita 6 na kuufunga mezani kwa uzi, maana vidole vya watu havilingani.

Tulikosea hivi. Alikuja bibi kutoka Faza, siku mbili baada ya kuumia.

"Shikamoo bibi. Uliweza kutembea?"

"Marahaba mwanangu. Nimetembea, tangu gatini mpaka hapa."

Aliyepokea akaandika "anatembea, ameteguka", akamtuma nyumbani na dawa ya maumivu. Nilimkuta mlangoni, nikambonyeza ncha ya jicho la nje, akanikamata mkono. Kutembea kwake kulifuta sharti moja tu. Yale ya kubonyeza yalibaki pale pale. Picha ilionyesha mfupa umekatika. Na alitembea kwa sababu hakuwa na nauli ya punda.

Tahadhari nyingine: mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguu msimpime kwa kanuni hizi. Anaweza kukanyaga mfupa uliovunjika na kukuambia haumi. Huyo apigwe picha, kisha aulizwe sukari yake.

Na aliyeanguka kutoka juu akatua kwa visigino, mnazini au kwenye majukwaa ya ujenzi, aulizwe mgongo kabla sijaloweka bendeji. Mwenye kisigino kilichopasuka, takriban mmoja katika kumi ana pingili iliyoumia pia. Nimeandika MGONGO? kwa rangi nyekundu juu ya fomu.

(Wale wanaodhani shina la mfupa wa kidole cha mwisho huvunjwa na vitu vizito tu, daktari Robert Jones wa Uingereza aliuvunja wa kwake akicheza dansi, akaueleza kwa maandishi mwaka 1902. Jina lake limebaki kwenye mvunjiko wa hapo. Kwetu nimeuona kwa kijana aliyerukia jahazi akakosea ukingo.)

9 Septemba 2024. Kisiwa hakina siri

Nilitaka kubandika jedwali la robo ya kwanza kwenye ubao wa chumba. Nimelitoa kabla halijakauka gundi. Majina hayamo, namba tu, lakini soma mstari huu: mwanaume, miaka 40 hadi 49, Shela, mnazi, visigino vyote viwili. Shela nzima inajua ni nani, na mkewe atajua kuwa mimi nimeandika.

Kanuni mpya: kisanduku chochote chenye watu chini ya 5 hakitolewi. Tunaunganisha mafungu mpaka yafike 5, ama tunaandika nyota. Kwa sababu hiyo hesabu zenyewe hazimo humu, na hazitakuwamo hadi mwaka utimie.

14 Oktoba 2024. Kokwa

Lile swali la jirani yangu mwalimu, "Na wote wanakuja kwenu?", halikuniacha nilale. Nimekwenda Pate kumwona mzee anayeunga mifupa. Nauli ya boti kwenda na kurudi, soda na kilo ya tende: sh. 1,900, ndiyo safari ghali kuliko zote.

Sikwenda kumfundisha kazi. Nilimwambia nataka kujua idadi tu, na kwamba jina la mtu silitaki. Alifikiri, akaniuliza yeye atafaidi nini. Nikamwambia sina cha kumpa ila bendeji, na nikamwomba asiyekuwa na hisi kwenye vidole, au mfupa ukitokeza nje, amlete kwetu siku hiyo hiyo. Hilo alilikubali kabla ya lile la kuhesabu.

Yeye haandiki. Tukala tende, tukachukua makopo mawili ya maziwa: kokwa moja kwa kila kifundo kwenye kopo la kulia, moja kwa kila wayo kwenye la kushoto. Watu wazima tu.

Baada ya wiki 3 nikampigia simu. Kopo la kulia lilikuwa limejaa mpaka mdomo. Nikaanza kuhesabu kichwani bendeji nitakazoomba. Mzee akakohoa.

"Mwanangu, usifurahi. Wajukuu wamezipenda. Kila wakila tende wanatia."

Leo nimempelekea vibubu viwili vya udongo kwa nahodha wa boti, vyenye tundu la kupitisha kokwa moja tu, na shingo nimeifunga kwa plasta yangu mwenyewe. Sh. 300 vyote viwili. Vinakaa juu ya kabati, pasipofikiwa na watoto. Tutavivunja Mei ijayo.